Neno Moja la Bibi kwa Kiitaliano

Jana simu imenikatalia tena. Niko kwenye somo la Kiitaliano, naandika kitenzi, inaniwekea alama nyekundu. Nabadilisha wakati, nyekundu. Nabadilisha nafsi, nyekundu. Nimeitupa kitandani nikacheka peke yangu, maana hasira hii naijua tangu utoto, hapa hapa Gisenyi.

Ndugu yangu, hebu nione mtoto wa darasa la nne, nimekaa uani kwa bibi nachambua maharagwe ya Kanama huku naimba: io aspetto, tu aspetti, lui aspetta. Mimi nangoja, wewe unangoja, yeye anangoja. Sista mzee wa parokia, Mwitaliano, ndiye alitufundisha hivyo kila Jumamosi, safu nzima kwa pumzi moja, akigonga meza kwa funguo zake. Bibi hakujua Kiitaliano hata kidogo, lakini mlio wa safu alishaushika. Nikikosea tu, mwiko unainuka.

"We! Umeruka mutu! Rudia!"

Shangazi yangu aliolewa Italia, akafia huko, akaacha binti asiyejua lugha yetu. Likizo ile baba yake alikuwa anamleta. Bibi alitaka mjukuu aambiwe neno moja: kwamba alimngojea tangu aliposikia amezaliwa. Sista alijitolea kutafsiri, bibi akakataa. Neno la nyumba, alisema, linasemwa na mutu wa nyumba. Ndiye mimi huyo.

Wakafika. Nyumba inanukia sambaza, vile vidagaa vya ziwani, za kukaanga, majirani wamejaa mlangoni. Bibi akamshika mtoto mikono yote miwili, akanigeukia.

"Bon, mwambie. Nilikuwa namungojea."

Ayiwee! Kitenzi nilikuwa nacho, lakini sikuweza kutoa nafsi moja bila kuanzia juu. Nikaimba safu yote mpaka mwisho. Binti akadhani ni wimbo, akapiga makofi. Nikajaribu wakati uliopita, nikapotea katikati, nikarudi mwanzo. Sasa majirani nao wanapiga makofi! Machozi yakanijaa.

"Amejibu nini?"

"Sijamwambia bado, bibi."

"Basi. Acha."

Hakunigombeza, na hilo liliniuma kuliko mwiko. Akamfunga binti kitenge kiunoni, akaenda naye jikoni kutwanga sombe, majani ya muhogo. Nilisikia kila mmoja akiongea lugha yake, wanacheka. Baada ya wiki mbili wageni wakaondoka. Bibi hakuniomba tena.

Sasa sista amesharudi kwao. Uani pamejengwa vyumba vya kupanga, jiko la kuni limebomolewa, na bibi tumemzika Rugerero. Sentensi yenyewe, kumbe, ni fupi: la nonna ti aspettava, bibi alikuwa anakungojea. Naweza kumtumia binamu sasa hivi, ikafika kabla chai yangu haijapoa. Lakini bibi alitaka awe palepale, amemshika mikono, aone uso wa yule mtoto neno likimfikia. Uso huo hakuuona.