Mikaratusi Mibichi ya Shangazi

Shangazi yangu alikuwa mwanamke mbaya. Naanza na hilo ili msomaji asije akakaa akisubiri nimgeuze mwema mwishoni. Watu wa Ujiji waliomzika walimsifia kwa uchapakazi na ukarimu, na mimi niliitikia amina pamoja nao, maana msibani hakuna anayesimama kusahihisha. Sasa hatuko msibani.

Mji wake ulikuwa juu ya kilima upande wa kusini, mahali ambapo ziwa lote lilikuwa chini yako, na hewa ikiwa safi uliona hata milima ya ng'ambo. Mumewe alipofariki alimwachia michikichi, shamba la mikaratusi na msumeno wa injini, ambao sote tuliuita chenso. Mjane mwingine angeiuza ile mashine kabla ya arobaini kwisha. Yeye alivaa koti la marehemu na mabuti yake ya mpira, akaenda nayo shambani, akavuta kamba mpaka ikawaka. Tangu siku hiyo, kuanzia Rusimbi hadi ufukweni, ukiuliza kwa mama wa chenso unaelekezwa. Kuni zake zilikwenda kwa wachemsha mawese, kwa waoka mikate wa Mwanga na kwa wanawake wanaokausha migebuka, samaki wa ziwa letu, kwa moshi huko chini ufukweni.

Mimi nilifika kwake nikiwa na kapu la nguo, mume ameniacha. Hakuniuliza kisa.

"Karibu, mtalaka," alisema. "Tupa iko pale juu ya dirisha."

Kazi yangu ikawa kunoa cheni. Unakaa na msumeno mapajani, unasukuma tupa ya mviringo kwenye kila jino, kwa kipimo kilekile na mlalo uleule, meno ya upande huu kwanza, kisha unageuza na kuanza ya upande wa pili. Jino moja likizidi jingine, msumeno unakwenda upogo kama mlevi. Nilisafisha plagi kwa waya, nikaosha chujio la hewa kwa petroli, nikageuza bapa, ule ulimi wa chuma unaozungukwa na cheni, mara kwa mara ili lisilike upande mmoja. Shangazi hakutazama kazi hiyo hata siku moja. Alitazama chini ya gogo tu. Cheni kali inatema makapi makubwa, cheni butu inatema unga. Akiona unga alizima mashine, akauchota kiganjani, akaja kunimwagia kichwani mbele ya yeyote aliyekuwepo.

"Kapike uji," alikuwa akisema.

Oili halisi ya cheni ilikuwa shida kupatikana, hivyo tulitumia mawese. Yanafaa kabisa, ila asubuhi za baridi yanaganda na kuziba kitundu cha kupitishia oili, kwa hiyo tuliweka kopo lake karibu na jiko lipate joto kwanza. Na kwa kuwa mawese ni chakula, shangazi alitia ndani ya kopo mafuta machafu ya gari kidogo, yaliyomwagwa na mafundi wa Gungu, ili asiwepo mtu wa kuyachota na kuyaunga kwenye mboga. Alifanya hivyo kwa sababu ya mama wa ng'ambo.

Mama huyo alikuja mwaka ule watu wa ng'ambo ya ziwa walipovuka kwa wingi kukimbia vita, boti zikishusha mpaka ufukwe unajaa magodoro na masufuria. Alikuwa mwanamke wa rika langu, mrefu, mikono mirefu, na hakuwa na kitu zaidi ya kitenge alichojifunga. Alipanda kilima kwa kufuata mlio wa mashine, akasimama mbele ya shangazi, akasema, "Mama, iko kazi hapa? Miye najua kupasua kuni." Shangazi akampa shoka bila hata kumwambia akae. Alipasua mpaka jua lilipozama, akalala kwenye banda la mbuzi, na siku iliyofuata akaamkia shoka.

Kitu alichokitaka ni kimoja, na sote tulikijua. Kwenye vurugu za kukimbia yeye alikuwa ameshapanda botini, mumewe akarudi nyuma kumchukua mama yake mzazi, boti ikaondoka. Yeye alimpigia mumewe kelele kwamba atamsubiri Ujiji, ufukweni, naye akajibu kwamba atakuja. Ndiyo sababu hakutaka kwenda kambini. Kambi zilikuwa mbali na ziwa, watu ni wengi mno, na mumewe angeshuka hapa. Kila tulipopeleka kuni chini alimfuata kila mwenye boti na kumwachia neno: "Mumuambie niko kwa mama wa mashine, juu ya kilima. Afuate mlio." Nikamwambia labda mumewe amekufa, maana mimi nilikuwa na uchungu wangu na wanaume. Hakukasirika. "Atakuya," alisema. "Alisema atakuya."

Shangazi aliishika hamu hiyo kama mtu anavyoshika kamba ya mbuzi. Lori la kukusanya wakimbizi lilipopita alimficha jikoni nyuma ya magunia, na jioni akamwambia, "Ukichoka kupasua useme tu, lori litarudi." Hakumlipa chochote zaidi ya ugali na maharage yasiyo na mafuta. Siku moja kiganja cha mama wa ng'ambo kilipasuka kwa malengelenge, damu ikateleza kwenye mpini. Shangazi akachukua dumu la petroli ya chenso, iliyochanganywa oili, akammiminia kidondani. Yule mama alijikunja mpaka magoti yakagusa ardhi.

"Hiyo inaponya mpaka injini," shangazi akasema, akacheka sana.

Nilimchukia. Lakini nilikuwa nakula kwake, na kunoa nilinoa.

Sasa niseme habari ya mikaratusi, maana ndiyo iliyoamua mambo. Mkaratusi ukipasuliwa ungali mbichi, pigo moja la shoka linatosha, kipande kinaruka chenyewe. Ukiuacha siku chache juani, nyuzi zake zinajisokota na kukaza, na hapo hata kabari na nyundo vinakutesa. Kwa hiyo ukishaangusha lazima uwe na mikono ya kupasua. Mwisho wa kiangazi waoka mikate walitaka kuni nyingi kabla ya mvua, na shangazi, ambaye hakujua kukataa, akaangusha mstari mzima wa miti kwa siku moja na kuikata magogo mafupi. Shamba lilinuka kama duka la dawa. Kesho yake asubuhi alitutuma ufukweni, mimi na mama wa ng'ambo, tupeleke mizigo ya wakausha samaki, kisha turudi haraka tuanze kupasua.

Tuliporudi tulimkuta anakata kama kawaida. Mambo mawili yalikuwa tofauti siku hiyo. La kwanza, kaburi la marehemu mjomba, mume wa shangazi, lililokuwa nyuma ya nyumba, lilikuwa limechomekwa msalaba mdogo wa vijiti viwili vilivyofungwa kwa gome la mti. Mjomba alikuwa Mwislamu, kama baba yake na babu yake. Shangazi alipoona tunautazama alikwenda akaung'oa, akautupa jikoni, akasema wakimbizi siku hizi wanapita wakichezea hata makaburi ya watu. La pili, maharage ya mchana yaliungwa kwa mawese safi. Mama wa ng'ambo alikula akifumba macho, akamshukuru shangazi mara mbili. Kisha akapasua mikaratusi ile yote, siku baada ya siku, kabla haijakauka.

Mvua zikaja. Vita vya ng'ambo vikachacha na boti zikapungua. Hata hivyo, kila tulipobeba mizigo kushuka, shangazi alimwambia, "Usisahau kumtumia salamu bwana. Mwambie aje na nguvu zake, kazi ipo." Naye akajibu, "Asante, mama."

Mvua zilipokwisha, mwenye boti mmoja ambaye hatukumwona siku nyingi alikuja kutia nanga pale penye wakausha samaki. Alimtazama mama wa ng'ambo akiwa na mzigo kichwani, akatabasamu.

"Bwana yako hajambo?"

Mama wa ng'ambo alidhani anatania. Akamwambia utani wa namna hiyo haufai. Yule mtu akashangaa. Akasema alimshusha yeye mwenyewe kabla ya mvua, mwanaume mwenye kovu shavuni, anayechechemea kidogo, akamwonyesha kilima kwa kidole, na msumeno ulikuwa unasikika wazi. "Alienda mbio," alisema. "Hata pesa ya kurudishiwa aliniachia."

Mzigo ulianguka majini. Kuni zikaanza kuelea na wanawake wa samaki wakaziingilia kuzivuta. Yeye alishaanza kupanda.

Tulimkuta shangazi kwenye kivuli cha nyumba, amefungua mashine, anafuta bapa kwa kitambaa. Mama wa ng'ambo alisimama mbele yake akihema, kwa hiyo niliuliza mimi.

"Mume wake alikuja hapa?"

"Alikuja," alisema shangazi, bila kuinua macho.

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia mkewe amekufa. Kipindupindu. Nikamwonyesha kaburi la mjomba wako." Alipuliza vumbi kwenye mfereji wa bapa. "Alilia, maskini. Nikampa chai. Nikamwombea dua. Akasema basi anakwenda kambini kwa ndugu zake."

"Kwa nini, shangazi?"

Hapo ndipo aliponitazama, kwa mshangao wa kweli, kama nimeuliza kwa nini watu wanakula.

"Hukuona miti iliyokuwa chini? Angemchukua siku ile ile. Nani angepasua? Wewe?"

Nilimtukana. Nilimwita majina ambayo mtoto hamwiti shangazi yake, nikatupa tupa mpaka ikagonga ukuta na kukatika. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Nyamaza, mtalaka," akasema. "Mwenzio mumewe alimlilia."

 Mama wa ng'ambo alizunguka nyuma ya nyumba, akasimama kaburini, halafu akashuka kilima kwa njia ya barabarani. Hakuchukua chochote, hata kitenge cha pili nilichompa, ambacho alikuwa amekianika. Nilimkimbilia nikampa kanga zangu na viazi vya njiani. Aliniambia nirudi, jua kali.

Miezi iliyofuata nilikaa kwa shangazi kwa shari. Sikumwamkia. Alinunua tupa nyingine na kuniwekea dirishani, na mimi nikanoa, kwa sababu kwa kaka zangu hakukuwa na nafasi ya mtalaka. Alijaribu vibarua wanaume, wakamshinda kwa madai ya malipo, akawafukuza. Miti miwili aliyoiangusha ilimkaukia pale pale shambani, ngumu kama reli, na alikuwa akiipita akiilaani. Nilifurahi kila nilipoiona.

Mama wa ng'ambo alirudi siku ya soko, mchana. Nilimwona akipanda polepole, amekonda, kanga zangu zimechakaa mwilini mwake. Nikamkimbilia. Shangazi alikuwa kwenye gogo, akazima mashine, akabaki ameshika mpini.

"Ulimpata?" nilimuuliza.

"Nilimupata. Kambi ya pili." Alikaa chini, akanyoosha miguu iliyovimba. "Iko na bibi mwingine. Bibi iko na mimba."

Alisema mumewe alipomwona mlangoni mwa hema alirudi nyuma mpaka akaangusha ndoo ya maji. Yule mke mpya alipiga yowe, majirani wakajaa. Waliokuwa wamekaa matanga yake pamoja na mumewe walikuwepo, waliochanga unga wa matanga hayo walikuwepo, na wote walimtazama kwa hofu, mwingine akamgusa mkono kuona kama una joto.

"Hakusema kitu?"

"Alisema. Aliniuliza, 'Sasa ule mwenye nililia ni nani?'" Alitazama viganja vyake. "Aliuliza mara mingi, kama vile miye ndiye nilimudanganya. Kisha akaniambia nirudi kwenye nilitoka, bibi yake asiogope, mimba isitoke."

Nililia mimi. Yeye hakulia. Nikamgeukia shangazi, nikitaka angalau mara moja katika maisha yake asikie aibu, nione uso wake ukibadilika. Alikuwa amesikia yote kutoka pale kwenye gogo. Alifikiri kidogo, akapangusa jasho kwa mkono wa koti la marehemu.

"Basi huyo bwana sikumdanganya," alisema. "Kwake huyu amekufa."

Akavuta kamba, mashine ikakataa, akavuta tena. Nilimwambia mama wa ng'ambo ainuke tuondoke wote wawili, sasa hivi, tutalala popote, Mwanga hapakosekani pa kufua nguo za watu. Alinisikiliza vizuri. Kisha akaniuliza, tukiondoka, mumewe akija kumwomba radhi atamkutia wapi.