Komanda kwenye Benchi Letu

Ninyi mliosoma Baraka, kwetu Kongo kando ya Ziwa Tanganyika, wakati wetu mtanisahihisha nikikosea, ila nadhani shuleni kwetu hatukuwa na kitu chochote cha umeme isipokuwa radi. Mwaka huu nimerudi kuwa mwanafunzi, mtu mzima na wajukuu wawili, nasoma ualimu pamoja na vijana wanaoniita Mama Mapendo na kunivutia kiti. Juzi mwalimu wetu alituambia kila mmoja aeleze jinsi teknolojia ilivyobadilisha masomo yake. Vijana wote walitaja simu. Mmoja alisema bila simu asingefika pale alipo, na kwa kuwa alikuwa amechelewa, sikuona sababu ya kumbishia. Zamu yangu ilipofika nilisema: mashini ya kuandika. Walicheka kwa adabu. Kwa hiyo nawaandikia ninyi wa rika langu, ambao mtajua mahali pa kucheka.

Tuliamka kabla ya jua tukateka maji ziwani, kwani aliyechelewa alikuta bamama wamekwisha kuosha ndagala, wale dagaa wetu, na maji yanang'aa magamba. Tulikula bugali wa muhogo uliolala, mgumu pembeni kama kisigino, tukauchovya kwenye sombe, mboga ya majani ya muhogo, mpaka mawese yakatutia rangi vidoleni. Kisha tukaenda shule na vidole hivyo hivyo. Jumamosi kila mtoto alileta fagio na kidumu cha maji, na asiyeleta alifagia kwa fagio la mwenzake mahali pa wawili. Jioni wavulana walipiga mpira wa majani ya migomba, sisi wasichana tukaruka kamba ya majani hayo hayo, na mama akaita kutoka uani kwamba kitu iko mu kichwa, mwizi haikamate, kwa hiyo nirudi nisome. Wakati ule nilidhani anasema juu ya wezi wa kuku.

Mimi nilikuwa komersiale, yaani mchepuo wa biashara, na komersiale ilikuwa na somo la kuandika kwa mashini. Mashini yenyewe ilikuwa moja, nzito kama kinu, na kila mstari ulipoisha ililia kengele ndogo ambayo wanafunzi wa madarasa mengine walikuja dirishani kuisikiliza. Prof Ebinda, mwalimu wetu, mtu mfupi mwenye shati moja lililopigwa pasi kila siku, aliona kwamba mashini moja haiwezi kugawanyika. Alikata maboksi ya sabuni, akachora juu yake herufi zote mahali pake, kwa mpangilio wa mashini za Kifaransa, akampa kila mwanafunzi katoni yake. Tulikaa kimya, migongo wima, tukapiga katoni. Aliimba, "Q, S, D, F," nasi tukajibu, "J, K, L, M," kama watu wa kwaya. Alipita nyuma yetu akisema sentensi moja mwaka mzima: "Usiangalie bidole. Bidole binajua njia." Mwanafunzi aliyemaliza zoezi la katoni bila kuangalia vidole alipanda kwenye mashini dakika chache, akashuka amebadilika tabia.

Vita ilipofika shule ilifungwa, tukaenda kukaa mashambani. Prof alibeba mashini kichwani, mke wake akabeba watoto na sufuria. Watu walimuuliza kwa nini asibebe unga. Alijibu kwamba unga unaisha.

Tuliporudi nusu ya darasa ilikuwa imevuka ziwa kwenda Tanzania, na Baraka ilikuwa na askari. Askari walibadilika mara kwa mara. Sisi tulijifunza kusema "jambo, afande" kwa kila mtu mwenye viatu vya kufunga. Shule ilifunguliwa bila milango, kwa sababu milango ilikuwa imegeuzwa kuni za kupikia. Siku zile aliingia darasani msichana mpya, Riziki, aliyetoka upande wa Makobola na kuishi kwa shangazi yake. Hatukumuuliza kitu. Kila mtu alijua kuhusu mauaji ya Makobola, na hakuna aliyejua aanzie wapi. Prof alimkalisha kando yangu, akampa katoni, akamwonyesha kidole kimoja kimoja. Riziki hakusema neno, lakini alijifunza haraka kuliko sisi wote.

Utepe wa wino ulikuwa umekwisha kukauka. Ukipiga mashini, herufi zilibonyeza karatasi bila kuacha rangi. Prof alisema vidole havihitaji wino, na masomo yakaendelea hivyo hivyo, tak-tak-tak, kengele, tak-tak-tak.

Sauti hiyo ndiyo iliyomponza. Askari wawili waliokuwa wakipita barabarani waliisikia, wakaingia, wakasema Prof anatuma habari kwa adui. Walimchukua yeye na mashini. Alipotoka alituachia zoezi.

Mke wake, Mama Zawadi, alifunga bugali na samaki kwenye kitambaa, akaja darasani kuomba watu wawili waende naye kwa komanda, wakaeleze kwamba ile ni kazi ya shule. Wavulana hawakuweza kwenda. Mvulana aliyefika pale alipewa gunia la risasi abebe kuelekea milimani, na milima ya Minembwe ni mbali. Nikasimama mimi, kwa sababu mama yangu na Mama Zawadi walisali pamoja, na kama ningekataa habari ingefika nyumbani. Kisha Riziki akasimama. Mama Zawadi alimwangalia, kisha akatangulia.

Komanda alikuwa amekaa barazani pa nyumba ya mtu aliyekimbia. Prof alikuwa chini, ukutani, bila viatu, shati limechanika bega. Mashini ilikuwa mezani.

"Hii mashini," komanda akasema, "inaandika?"

"Ndiyo, afande," nikajibu.

"Andika. Andika: komanda ni muntu ya muzuri."

Nikaweka karatasi. Nikapiga, tak-tak-tak, herufi moja moja. Nilipomaliza, komanda akaichomoa karatasi, akaigeuza upande huu na ule. Ilikuwa nyeupe.

"Naona hakuna kitu," akasema pole pole. "Maneno umepiga. Sauti nimeisikia. Sasa maneno inaenda wapi?"

Lilikuwa swali la haki. Askari mmoja akamwinua Prof kwa mkono. Mama Zawadi akaanza kusali kwa Kibembe, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayezungumza na jirani.

Riziki alitoka pale aliposimama, akaenda kwenye mafiga ambapo askari walikuwa wakipika, akaokota kipande cha kaa lililozimika. Hakuomba ruhusa. Alichukua karatasi mkononi mwa komanda, akailaza mezani, akaisugua kwa ubavu wa kaa. Karatasi ikawa nyeusi, na ndani ya weusi herufi zikatoka nyeupe, moja moja.

Komanda alisoma kwa kidole. Alichukua muda.

"Hapa iliandika muzuru," akasema.

Kisha Prof akasema kutoka ukutani, kwa sauti ile ile ya darasani: "Ni kwa sababu ameangalia bidole. U na I ni majirani, afande. Mapendo, nilikuambia nini?"

"Nisiangalie bidole, Prof."

Komanda alimtazama Prof, akanitazama mimi, akasoma tena karatasi yake. "Kujua hii kazi inaomba siku ngapi?"

"Mwaka," Prof akasema. "Kama unakuja kila siku."

Tulirudi wote, pamoja na Prof na mashini. Asubuhi iliyofuata komanda alikuja shuleni. Alitaka kukaa kwenye mashini mara moja. Prof akamwambia mashini ni ya wale waliomaliza katoni, akampa katoni. Nilifikiri tutakufa. Komanda aliipokea, akatafuta nafasi, na nafasi ilikuwa kwenye benchi letu. Magoti yake yaligonga meza. Bunduki aliilaza pale tunapoweka kalamu. "Q, S, D, F," Prof akaimba, na sauti nzito ikajibu pamoja na zetu, "J, K, L, M."

Alikuja hivyo kwa majuma mengi. Hatukujua kama watu wake ndio waliopita Makobola au ni wengine. Nguo zao zilifanana. Wazazi wengine waliwaondoa watoto. Mimi nilibaki kwa sababu mama alisema anayetoka njiani hupoteza njia, ingawa siku hizo alinisindikiza na kuningoja nje akichambua maharagwe. Riziki alikuja kila siku. Komanda alikuwa na vidole vigumu, alipiga M kwa kidole cha kati, na siku moja Riziki alinyoosha mkono akakisogeza kidole chake kidogo mahali pake. "Ni hiki," akasema. Hilo ndilo neno la kwanza tulilomsikia akisema darasani. Komanda akajibu, "Asante, dada."

Nilimwuliza Riziki njiani anawezaje kukaa benchi moja na komanda.

"Klasi ni yangu," akasema. "Yeye ni mugeni."

Asubuhi moja askari wote walikuwa wameondoka. Komanda hakuaga. Mashini aliiacha, akachukua katoni yake. Waliokuja baada yao hawakuwa wanafunzi. Walibeba mashini, na sijui walidhani ni kitu gani. Tulimaliza masomo bila hiyo, tukafanya mtihani wa Serikali, na wengi tulipita. Riziki alivuka ziwa, akakaa kambini miaka mingi, kisha akapelekwa nchi ya baridi, ambako sasa anaandika kwenye kompyuta ofisini. Ananiandikia kila Jumapili. Haweki makosa.

Vijana ninaosoma nao wana maktaba nzima mfukoni na wanaitumia kunipiga picha nikisinzia. Wanaandika kwa vidole gumba viwili, na neno "kwa" limekuwa herufi moja, sijui nyingine wanazihifadhia nini. Siwalaumu. Mimi pia nimenunua simu, na mwalimu akitutumia somo nalifungua njiani nikirudi kutoka sokoni, jambo ambalo mama yangu angeliona ni uchawi mzuri.

Prof Ebinda alifariki mwezi uliopita, kwa homa, nyumbani kwake. Nilimwandikia Riziki siku ile ile. Habari ilifika kabla sijaiweka simu chini. Enzi zetu ingechukua majuma na mtumbwi. Nikaona kwenye kioo cha simu kwamba ameisoma. Nikaona kwamba anaandika. Iliendelea kuonyesha hivyo kwa muda mrefu, mpaka maharagwe yangu yakaanza kuungua, halafu ikaacha. Hakuna kitu kilichofika. Zamani ningesogea tu kwenye benchi, bega langu likamgusa, na tungekaa.