Mwezi Walipokufa Wakubwa wa Ibambangulu

Miezi mingine Ibambangulu tunakufa hovyo tu. Mmoja malaria, mwingine duara, shimo la dhahabu, limemfunika, tunazika, tunakula ugali wa msiba, kesho yake kila mtu yuko shimoni kwake. Lakini mwezi wa saba mwaka jana kifo kilitujia kimevaa tai. Kilipita mlangoni kwa watu wadogo bila hata kubisha hodi, kikaenda kuchagua wenye majina.

Aliyepata kazi ni Pantaleo Mageni. Machimbo yetu haya, katikati ya Kahama na Geita, hayana kituo cha redio, na magazeti yanafika kwa ajili ya kufungia karanga. Tunaye Pantaleo, pikipiki yake ya Kichina, spika mbili zilizofungwa nyuma kwa mipira, na kipaza sauti shingoni kama hirizi. Anatangaza chanjo, mnada, ng'ombe aliyepotea, na vifo. Kundi la WhatsApp la kitongoji lipo, lakini kwetu mtu ambaye Pantaleo hajamtangaza hajafa. Anaumwa sana, basi.

Alikuwa na utaratibu wake. Anasimama njia panda, anazima pikipiki, anasema: "Ndugu wananchi, simameni mlipo. Ametutoka mtu mkubwa." Halafu kimya. Hapo bodaboda wanakanyaga breki, akina mama wanatua ndoo, na wenye makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu zinazounguruma kutwa nzima, wanazima injini. Kila mtu anawapitia wagonjwa wake kichwani, mmoja mmoja. Ndipo Pantaleo anaanza kumwaga vyeo vya marehemu, na jina linakuja mwisho kabisa, kama nyama chini ya mchuzi.

Aliyefungua mwezi ni Mabula, manju, kiongozi wa ngoma ya Bagika, mtu aliyecheza na chatu shingoni kwa maisha yake yote akauawa na shinikizo la damu. Wapinzani wake wa Bagalu walikuja msibani wakamlilia kwa nyimbo za kumkejeli mpaka machozi yakawatoka kweli, maana adui wa kiwango kile hapatikani tena. Akafuata mganga wetu mkuu, aliyebashiri vifo vya kijiji kizima isipokuwa cha kwake. Akafuata refa wa ligi ya kata, ambaye mashabiki walikuwa wamemwombea kifo kila Jumapili, na Mungu naye ana foleni zake.

Kisha Mzee Pranlal wa duka la vifaa. Hapo Pantaleo aliteleza kwa mazoea: akatangaza mazishi saa nane, nyumbani kwa marehemu. Wanaume wakaja na majembe na sururu, kama tunavyofanya kwenye msiba wowote, kuchimba kaburi. Vipul, mtoto wa marehemu, akatoka akawaeleza kwa adabu kwamba desturi yao ni kuchoma, na kwamba mzee ameshachomwa mjini tangu asubuhi. Hakuna aliyejua aondoke vipi. Mama yake, Kantaben, akawakalisha wote barazani na chai ya tangawizi, wakainywa majembe yakiwa magotini kama wageni waliokuja kuposa.

Kila siku kazi ikiisha, Pantaleo alirudi nyumbani kwa mama yake. Huyo sasa ndiye mtu mdogo wa habari hii. Aliitwa Nyamizi. Alizaliwa Nkome, ziwani, akaja machimboni na magunia ya dagaa enzi zile mawe ya dhahabu yanapondwa kwa mkono. Dagaa zilipoisha alibaki. Akaanza kuuza michembe, viazi vya kukausha, na karanga, pale kwenye midomo ya maduara, na hakuondoka tena. Hakuwahi kuwa mjumbe wala mweka hazina, hata kwenye kwaya aliimba mstari wa nyuma. Wanaume wote wenye fedha hapa walipanda kutoka shimoni wakiwa weupe kwa vumbi kama mizimu, na kitu cha kwanza kuingia mdomoni mwao kilikuwa mchembe wa Nyamizi.

Moyo wake ulikuwa umechoka. Walimpeleka hospitali ya Kolandoto, wakapokelewa vizuri, wakaambiwa ukweli kwa upole: apewe dawa hizi, anywe uji, asibebe ndoo, arudi nyumbani. Kwa hiyo Pantaleo, mtu anayesimamisha senta nzima kwa neno moja, alikuwa anarudi jioni kukaa kwenye kigoda na kumtazama mama yake akivuta pumzi, hana cha kufanya. Alitandika shuka. Akitoka kutandika, anatandua, anatandika upya.

Kitanda kiliwekwa dirishani, upande wa barabara, maana Nyamizi alitaka kusikia. Kila tangazo alilitolea hukumu. La manju lilikuwa zuri. La mganga lilimchosha, sifa nyingi mno kwa mtu aliyekula kuku wa watu. La refa lilimfanya acheke mpaka Lusia, mke wa Pantaleo, akaja kumshika mgongo.

"Wote hao wana vyeo," alisema siku ile ya Mzee Pranlal. "Na mimi utasema nilikuwa nani?"

"Wewe hufi, mayu."

"Acha uongo, uongo upo kazini kwako. Nataka nisikie senta imenyamaza."

"Utasikiaje na umekufa?"

"Hilo niachie mimi. Sema nilikuwa mkurugenzi wa michembe."

Wakacheka. Lakini Pantaleo aliondoka na swali lile kama mtu aliyebandikwa mzigo mgongoni. Alimwambia Lusia kwamba ameanza kuyapanga maneno ya mama kichwani, akiwa barabarani, na kwamba yatakuwa mazuri kuliko yote aliyowahi kusema. Lusia akaomba kuonjeshwa. Akakataa. Kumtangaza mtu aliye hai ni kumwita, alisema, na mtu akiitwa vizuri huitika.

Shida ni koo. Vumbi la makarasha, moshi wa pikipiki na wakubwa wanne mfululizo vilianza kuipasua sauti. Muuguzi wa zahanati alimmulika mdomoni, akamwamuru anyamaze kama mwanaume aliyenuna, mpaka mwezi uishe. Pantaleo alinuna vizuri kabisa. Wiki haijageuka, Mwalimu Rebeka akafariki. Huyo ndiye aliyemfundisha kusoma, na wengine wote humu, pamoja na wale waliosahau baadaye. Utamnyamazia vipi? Alimtangaza kwa sauti ya chuma kinachokwaruzwa kwenye zege.

Halafu akafa Davis Ndaki mwenyewe. Mnunuzi wa dhahabu, mwenye maduara, mfadhili wa timu, mlezi wa kwaya tatu zinazochukiana. Watoto wake walikuja na magari. Walitaka baba atangazwe siku tatu, kuanzia hapa hadi Katoro. Pantaleo aliwaonyesha koo kwa kidole. Wakasema hilo dogo: rekodi mara moja tu, tutaweka kwenye flashi, izunguke yenyewe. Mwenyekiti wa kitongoji naye akamshika bega kwa namna ya kuomba ambayo si kuomba. Pantaleo akafikiri, mara moja tu. Akarekodi. "Ndugu wananchi, simameni mlipo. Ametutoka mtu mkubwa." Akaweka kimya chake, akamwaga vyeo, akafika kwenye jina. Alipolitamka tu, sauti ikakatika kama umeme wa luku.

Siku tatu sauti yake ilizunguka juu ya gari la watu wengine, na yeye mwenyewe amekaa kigodani. Iliposikika dirishani mara ya kwanza, Nyamizi aligeuza kichwa, akatazama barabara, akamtazama mwanawe.

"Huyo anayepita ni wewe," akasema. "Sasa huyu aliyekaa hapa ni nani?"

Pantaleo alifungua mdomo. Ukatoka upepo. Bibi akamshika sikio kama alivyokuwa akimshika utotoni, akamvuta karibu, akaichunguza shingo yake, akaibonyeza kwa dole gumba kama anayechagua kiazi.

"Basi nitakusubiri," akasema. "Pona kwanza. Sina haraka."

Na alijaribu, tuseme haki. Alikunywa uji aliokuwa akiukataa. Aliacha kucheka ili asipoteze pumzi. Pantaleo naye alikunywa asali, tangawizi, mafuta ya samli, na maji ya majani fulani ambayo mjane wa mganga aliapa yanamwimbisha hata bubu. Walikaa hivyo wawili, mmoja anavizia sauti, mwingine anashikilia roho.

Mchana Ndaki alipokuwa anashushwa kaburini, na Ibambangulu yote imehamia huko kwenye pilau, bibi alishindwa kusubiri. Lusia alikuwa jikoni. Pantaleo alikuwa ameushika mguu wa mama yake, maana ulikuwa wa baridi, akahisi umekuwa mguu tu. Alimwita mkewe. Hakuna kilichotoka. Akachukua sufuria ya uji akaipiga sakafuni mpaka Lusia akaja mbio.

Lusia ndiye aliyefikiri. Alimtumia mwenyekiti ujumbe, naye kwa uungwana akauweka kwenye kundi la WhatsApp, ukatua katikati ya picha za jeneza la Ndaki lenye vishikio vya dhahabu. Watu wakaandika poleni sana familia ya Ndaki. Lusia akamwambia mumewe: nipe kipaza sauti, Baba Esta, nitasema mimi. Pantaleo akatikisa kichwa. Ahadi ilikuwa ya kwake. Akachomeka flashi yenye nakala ya tangazo la Ndaki, akawasha pikipiki, akaenda.

Aliyoyafikiria yalikuwa na akili yake. Mwanzo wa tangazo si wa Ndaki, ni wake Pantaleo, aliutumia kwa kila maiti. Angeucheza mwanzo, angezima, watu wangenyamaza, na katika kimya kile koo lingemwonea huruma walau kwa jina moja. Nyamizi. Silabi tatu, jamani.

Alisimama njia panda. Spika zikasema: "Ndugu wananchi, simameni mlipo. Ametutoka mtu mkubwa." Akazima.

Hakuna aliyesimama. Siku tatu walikuwa wamesikia maneno hayohayo, na wengine walikuwa wanarudi kutoka makaburini wakichokoa meno. Makarasha yalikuwa yamewashwa yote, wenyewe wakifidia kazi iliyolala. Pantaleo alifungua mdomo, mishipa ya shingo ikasimama, upepo ukatoka.

"Redio, huyo tumeshamzika," bodaboda mmoja akamwambia kwa jina lake la utani, akampiga begani. "Wahi pilau, linaisha."

Akaonyesha nyumbani kwake kwa mkono. Akajipiga kifua. Akajipiga tena. Jamaa mmoja mwenye huruma akadhani ana kiu, akamletea soda baridi, akamfungulia kizibo. Pantaleo aliishika ile soda. Hakujua aiweke wapi. Akaenda nayo mkononi hadi sokoni, akacheza mwanzo tena, akazima tena, na mama mmoja wa nyanya akalalamika kwamba matajiri hata wakifa hawatuachi tupumzike.

Lusia alimkuta pale, amekuja kwa miguu, kanga moja na kandambili. Akamvua kipaza sauti shingoni akasema kwa Kiswahili kikavu, bila cheo wala kituo, kwamba mama amefariki, mama yake huyu, kesho tunazika. Hakuwahi kushika kipaza sauti. Alikiweka mbali na mdomo, na karasha la jirani likala nusu ya maneno. Wa meza za karibu walisikia. Wakaacha biashara wakaja kumshika Pantaleo mikono, na mmoja wao ndiye aliyempokea ile chupa.

Kwenye mazishi walikuja majirani, wanakwaya wa mstari wa nyuma, wachimbaji wazee wachache wenye vifua vinavyofoka kama birika. Kantaben alileta chupa za chai. Vipul alikuja na jembe jipya kutoka dukani kwao, bado lina karatasi ya bei kwenye mpini, akavua viatu vyake vya mjini akaingia kaburini kuchimba, na safari hii kaburi lilikuwepo. Watoto wa Ndaki hawakuonekana. Walikuwa wamechoka, inaeleweka.

Ulipofika wakati wa wasifu wa marehemu, Katekista Apolonia aliuliza nani atausoma. Pantaleo akasogea mbele. Lusia alitaka kumshika shati, akaacha. Akasimama ukingoni mwa kaburi, akavuta pumzi, midomo ikaanza kwenda.

Ilikwenda muda mrefu. Tulimwona anafika mahali, ananyamaza, yaani anaifunga midomo kama anavyofanya njia panda, halafu anaendelea. Mkono wake ulionyesha maduara. Mara moja alitabasamu. Watu waliinamisha vichwa na kusikiliza kwa heshima kabisa kitu ambacho hakikuwepo, na kwa mbali makarasha yalikuwa yananguruma. Midomo ikaendelea, ikapungua, ikatua. Apolonia alingoja kidogo, akamtazama usoni, asijue kama ndiyo mwisho au ni kile kimya chake. Akasema, "Amina." Tukasema amina.

Sauti ilirudi katikati ya mwezi wa nane. Kazi ya kwanza ilikuwa ng'ombe aliyepotea, jike jekundu, baka jeupe kwenye paji, pembe ya kushoto imeinama, sikio lina pengo. Senta ilinyamaza kumsikiliza, makarasha yakazimwa, na kabla ya jua kuzama ng'ombe alikuwa ameonekana upande wa Ushetu.

Jioni hiyo Lusia alimwambia, sasa unaweza, hata kwenye arobaini, watu watasimama. Pantaleo alikuwa anafuta vumbi kwenye spika kwa kipande cha shuka.

"Nimeshasema," akajibu.

Lusia akamwomba basi amwambie yeye peke yake, mama alikuwa nani. Pantaleo alifungua mdomo wake uliopona, akayatafuta yale maneno aliyoyapanga barabarani, akatafuta tena. Kisha akarudi kufuta spika.