Siku Tuliyoacha Kuomba Radhi

Wazazi wetu walipokufa, mama akimfuata baba kabla mwaka haujaisha, nilikuwa darasa la sita na nyuma yangu kulikuwa na wadogo watatu. Sikurudi shule. Kitu cha kwanza nilichowafundisha wale watoto hakikuwa kupika wala kupalilia. Niliwafundisha kusema "nisamehe". Mbuzi wetu akila maharage ya jirani, nisamehe. Mbuzi wa jirani akila yetu, nisamehe vilevile, kwa sababu yatima anayedai haki yake huonekana ana kiburi, na msimu wa kupanda ukifika hapati wa kumwazima mbegu. Huku kwetu Ngara mtu mzima akikukasirikia unaomba radhi kwanza, sababu mtaitafuta baadaye. Huo si ukiri wa kosa. Ni kama kumsogezea mtu kigoda ili hasira zake zikae chini.

Neno hilo lilitulisha miaka mingi. Ndilo hilo pia lililotaka kumtia hatiani mdogo wangu anayenifuata.

Asubuhi hiyo alitoka nyumbani, Murukulazo, na mikungu mitatu ya ndizi kwenda sokoni. Aliyekulia kwetu anajua baiskeli ya ndizi inavyofungwa. Mikungu miwili inaning'inia nyuma, mmoja kila upande, na wa tatu unalazwa ndani ya fremu, pale ambapo magoti ya mwendeshaji yangepita. Kwenye usukani inafungwa fimbo ndefu ya kushikia. Mwenye baiskeli haipandi. Anatembea pembeni yake, anaisukuma kwenye mlima na kuizuia kwenye mteremko.

Kwenye mteremko ndipo pikapu ilipomkuta. Ilikuwa inapanda, ikataka kulipita lori la mizigo, ikaja mpaka upande wake wa barabara na kuigonga baiskeli. Baiskeli na mikungu yote vikamwangukia, mguu ukavunjika chini ya goti. Dereva alikuwa mnunuzi wa kahawa, mtu ambaye nusu ya kijiji humuuzia. Alishuka, akaiangalia kwanza taa yake iliyovunjika.

"Umeona ulichonifanyia, kijana?"

Na mdogo wangu, akiwa ndani ya mtaro na mguu umegeukia kusikostahili, akajibu, "Nisamehe, mzee. Nisamehe sana."

Wanawake wawili waliokuwa wanapalilia shamba la juu ya barabara walimsikia, kisha wakamwona dereva akiuchomoa mkungu wa kwenye fremu ili aisogeze baiskeli, pikapu ipite. Ndio walionisimulia, nami wakati huo niliona amejibu vizuri.

Nilipita kituo cha polisi kuchukua PF3, ile fomu anayopewa majeruhi aende nayo hospitali. Kesho yake askari alikuja wodini kuandika maelezo. Mdogo wangu alikuwa anatetemeka kwa maumivu. Alisema hakuiona pikapu mpaka ilipomfikia, na kwamba anamwomba mzee amsamehe. Askari akaandika alichoambiwa. Mdogo wangu alinitazama kabla ya kutia sahihi. Nilikuwa nimekaa miguuni pake, nikamtikisia kichwa kwamba sawa. Karatasi hatukuisoma, si yeye wala mimi.

Miezi miwili baadaye ikaja samansi. Mshitakiwa hakuwa dereva. Alikuwa mdogo wangu, kwa kuendesha baiskeli kwa uzembe na kusababisha ajali.

Siku hiyohiyo baba mdogo alifika. Ndiye mdogo wa marehemu baba, na mambo yetu makubwa yote huwa anapenda kuyaamua akiwa amesimama mlangoni.

"Mtakwenda kukubali," alisema.

"Kukubali nini, baba mdogo?"

"Kosa. Hakimu atamwonea huruma, yatima, tena na magongo. Mkibisha mtamuudhi mnunuzi, na kahawa yangu bado iko kwenye matawi."

"Kwa hiyo tunamtetea huyu au tunaitetea kahawa?"

"Ulimi huo! Umeishia darasa la sita, leo umekuwa wakili?"

"Hata la sita sikumaliza. Niliacha mwezi wa tano. Ulikuwepo, ndiwe uliyesema jembe halisomi."

Mdogo wangu akacheka. Tangu alale hospitali nilikuwa sijasikia kicheko chake. Baba mdogo alimtolea macho.

"Cheka. Utamchekea hakimu vizuri."

Alipoondoka, mdogo wangu aliniuliza, kwa sauti ndogo, kama kweli akubali tu yaishe. Nikatambua kwamba anasubiri nimtikisie kichwa kama siku ile wodini. Sikutikisa.

Kesho yake nilitembea hadi Mabawe kwa mama mmoja fundi cherehani. Watu walisema amepewa mafunzo ya usaidizi wa kisheria na husaidia bila kudai chochote. Nilimkuta anashona sare za shule.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa juu ya hayo makoti, hayaumi. Sema."

Nikasema yote, naye hakuacha kushona. Aliuliza swali moja tu.

"Alikuwa amepanda baiskeli?"

"Na mikungu mitatu? Mama, angekaa wapi?"

Cherehani ikasimama.

"Maneno hayo umemwambia nani?"

"Si kila mtu anajua?"

"Hakimu ametoka mbali, mwanangu. Hajawahi kusukuma ndizi."

Nililikalia rundo lile la makoti nikajiona mjinga. Jambo ambalo kwetu hata mtoto analijua hatukulisema popote, kwa sababu lilikuwa wazi mno. Tulichosema, tena kwa sauti, ni nisamehe.

Alinieleza polepole, akihesabu kwa pini. Hii ni kesi ya jinai. Mnunuzi ni shahidi tu, anayeshitaki ni Jamhuri, na ni kazi yake kuthibitisha. Mdogo wako hana kazi ya kuthibitisha kwamba ni mwema. Atasomewa shitaka na kuulizwa kweli au si kweli. Kiswahili kikimshinda, ana haki ya mkalimani. Ana haki ya dhamana, na dhamana haiuzwi. Ana haki ya kumuuliza maswali kila shahidi na kuleta mashahidi wake. Habari ya mguu ni nyingine kabisa, hilo ni dai lake juu ya dereva na bima ya gari. Lakini akijibu "ni kweli" leo, kesho akidai mguu ataambiwa, si wewe mwenyewe ulikiri?

"Lakini mama, alishaomba radhi. Iko kwenye maelezo. Nasi tuliomba kwa heshima tu."

"Heshima mpe," alisema, akakata uzi kwa meno. "Kosa lake usimbebee."

Mahakamani shitaka liliposomwa mdogo wangu alisimama akiegemea magongo. Hakimu, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya taratibu, aliuliza kama ni kweli au si kweli. Baba mdogo alikuwa benchi la nyuma, na mnunuzi benchi la mbele. Mdogo wangu aligeuka kunitafuta. Nilimtazama bila kupepesa.

"Si kweli," alisema. Kisha, kana kwamba neno limemkolea mdomoni, akarudia, "Si kweli, mheshimiwa."

Nikamdhamini mimi, kwa barua ya mtendaji wa kijiji.

Siku ya kusikiliza kesi niliondoka nyumbani alfajiri. Baiskeli tulikuwa tumesharudishiwa na polisi. Niliazima gurudumu la mbele, maana letu lilipinda kwenye ajali, nikakata mikungu mitatu, nikaifunga kama alivyoifunga yeye, fimbo kwenye usukani. Nikaisukuma mpaka mahakamani. Njiani watu walinipa bei ya ndizi, nikawaambia hizi haziuzwi, hizi ni mashahidi. Mmoja akanijibu, "Basi mpikie wakili mashahidi hao."

Mnunuzi alitoa ushahidi kwamba kijana alishuka kwa kasi juu ya baiskeli, na kwamba mwenyewe aliomba msamaha palepale. Mdogo wangu akaambiwa anaweza kumuuliza maswali.

"Shikamoo mzee. Nilikuwa nimekaa wapi?"

"Kwenye kiti, si umepanda?"

"Na miguu?"

"Kwenye pedali."

"Na mkungu wa katikati, mzee? Ule ulioutoa kwenye fremu ili pikapu ipite, ulikuwa wapi?"

Mnunuzi alisema hakumbuki mkungu wa katikati. Wale wanawake wawili, zamu yao ilipofika, walikumbuka vizuri.

Tukaomba baiskeli iangaliwe. Hakimu alitoka nje, na mwendesha mashitaka, karani na watu wote nyuma yake. Hakimu alimwomba karani ajaribu kuipanda. Karani alinyanyua mguu wa kulia, ukagota kwenye ndizi. Akajaribu wa kushoto. Akazunguka upande wa pili, akashika fimbo, akatafuta kiti, suruali ikashika utomvu. Watu wakaanza kucheka.

"Inatosha," hakimu alisema, naye akijikaza.

Ndani, niliposimama kutoa ushahidi, aliniuliza kwa nini basi ndugu yangu aliomba msamaha.

"Mheshimiwa, mimi ndiye niliyemfundisha. Tulilelewa hivyo. Mtu akitukanyaga, tunamwomba radhi kwa kuweka mguu wetu pale alipokanyaga. Nilifikiri inatulinda. Nimekuja kusema mbele ya watu hawa kwamba nilimfundisha vibaya."

Aliandika kwa muda mrefu. Sijui kiasi gani cha hayo kiliingia katika hukumu. Ninachojua ni kwamba hukumu ilipotolewa mdogo wangu aliachiwa huru, na kwamba baba mdogo alitoka mlangoni kabla yetu.

Mguu ulipona, lakini ni mfupi kidogo. Dai la bima bado halijaisha. Barua zinakwenda na kurudi, na nakala ya kila moja naiweka kwenye mfuko wa plastiki juu ya kenchi, mahali alipokuwa akiweka mama vyeti vyetu vya ubatizo. Mnunuzi hanunui kahawa yetu tena. Tunaipeleka mbali zaidi, na tutaipeleka.

Mwezi uliopita tulikutana naye sokoni. Tulikuwa tunasukuma baiskeli katikati ya watu, mdogo wangu kwenye fimbo, mimi nyuma, na njia ilikuwa nyembamba. Mkungu ukagusa koti lake. Aligeuka, akatuona ni sisi, akasimama akingoja. Nililijua vizuri neno alilokuwa akilingoja.

"Shikamoo, mzee," mdogo wangu alisema.

Mnunuzi akaendelea kungoja. Wauza nyanya pembeni wakageuka kututazama.

"Marahaba," alisema mwishowe, akasogea, tukapita.