Yod Ambayo Elyakim Hakumbuki Kuiandika

Jumatatu, tarehe 9 Februari. Ukungu umeufunika mji wa Safed, kaskazini mwa Israeli, tangu alfajiri, na baridi ya mlimani imeingia hadi ndani ya mawe ya nyumba. Saa mbili asubuhi Elyakim Toledano anarudi kutoka kwenye birika la kujitakasa, ndevu bado zimelowa. Anaketi mbele ya meza yake ya kuandikia. Haandiki.

Mezani kuna kipande cha ngozi ya ndama, kimoja kati ya vitakavyoshonwa pamoja kuwa gombo, chenye safu nne za maandishi, kazi ya siku tisa. Katika safu ya tatu, mstari wa kumi na moja, limeandikwa Jina la Mungu. Linaanza na yod, herufi ndogo kuliko zote za Kiebrania, kama tone la wino lililokataa kudondoka.

"Hiyo hapo," anasema, bila kuigusa. "Niliiandika mimi, Alhamisi. Lakini sikumbuki."

Elyakim ana miaka 59, na kwa miaka 31 amekuwa mwandishi wa magombo ya Torati. Gombo moja lina herufi 304,805 na humchukua mwaka mmoja na nusu. Siku njema hupata shekeli kama mia tatu. Siku macho yakiuma, hapati kitu. Gombo hili linasubiriwa na sinagogi la mtaani kwake kabla ya Pasaka, wiki saba kutoka leo.

Kila afikapo kwenye Jina, lazima kwanza aseme kwa sauti kwamba analiandika kwa ajili ya utakatifu wake. Akishaanza haitiki, hata mfalme akimsalimia. Asiposema, gombo zima halifai kusomwa. Makosa mengine hukwanguliwa kwa wembe, lakini Jina halifutwi; ngozi yake ikiharibika, huzikwa kama maiti.

"Na kosa hili halionekani kwa macho," anasema. "Analijua mwandishi peke yake. Na mimi mwandishi sijui."

Mkewe, Freha, anasimama mlangoni na taulo la jikoni begani.

"Siku hiyo nilimwita chai mara mbili, hakujibu. Nikajua yuko kwenye Jina, nikanyamaza. Baadaye ananiuliza, 'Mama Yiska, ulinisikia nikisema?' Nikamwambia, mafuta yanalia kwenye kikaango, nitakusikiaje wewe unayenong'ona?"

Anacheka kidogo, kisha anaacha.

Wote wawili wanajua kinachoogopwa. Baba yake Elyakim, naye mwandishi, alianza kusahau alipofika miaka sitini. Asubuhi moja aliandika mstari uleule mara mbili.

"Niliuona," Elyakim anasema. "Nikamwonea huruma, nikanyamaza mwezi mzima. Watu wakasoma kwenye ngozi ile, wakaitikia amina. Bado nazisikia zile amina."

Anaitazama tena yod.

"Herufi nyingine zina miguu, zinasimama. Hii inaning'inia tu. Wazee wetu walifundisha kwamba Mungu aliumba ulimwengu ujao kwa yod, na imeinamisha kichwa kwa sababu watakaoingia huko ni wachache, nao wanaingia wameinama. Unyoya wa kuandikia ukigusa ngozi tu, umeshaandika yod, ndipo herufi yoyote inaanza. Sasa nikiipoteza hiyo, nimebaki na nini?"

Saa nne anafika Hanokh Zilberman, mkaguzi wa maandishi yake. Anainamia ngozi muda mrefu, mstari kwa mstari.

"Safi," anasema. "Leo umeninyima kazi, bwana. Hata kosa moja."

"Lipo. Ila hulioni."

Anamweleza. Hanokh anavua miwani na kuketi.

"Ndugu yangu, labda ulisema. Miaka thelathini, mdomo unasema wenyewe."

"Ndicho ninachoogopa, Hanokh. Mdomo wenyewe."

Wanatoka watatu, Freha naye akifuata, ndani ya ukungu hadi kwa Rabi Shaltiel Benayun, nyumba ya pili. Elyakim ameibeba ngozi kifuani, imefungwa kwa kitambaa. Rabi anasikiliza hadi mwisho, kisha anauliza swali moja.

"Moyo wako ulikuwepo?"

"Sijui, rabi."

"Ungesema ndiyo, ningetafuta njia." Anaikunja ngozi taratibu. "Hii tutaizika. Andika nyingine."

Elyakim haondoki. Mikono yake imeshika mgongo wa kiti.

"Na mimi, rabi? Niendelee?"

Hanokh anatazama sakafu.

"Baba yako alikuwa na mtu wa kumsikiliza akiandika?" anauliza rabi.

"Hakuwa na mtu."

"Wewe tafuta mtu."

"Mtu yupo," anasema Freha. "Nitahamishia kiti changu chumbani kwake. Mboga nitachambulia huko. Ila wewe mzee, useme kwa sauti ya mtu mzima, siyo ya panya."

Huku watu hawaahidi jambo bila kuongeza maneno "bila nadhiri", ili mtu asijifunge mbele za Mungu na kushindwa. Elyakim huyasema hata akiahidi kununua mkate. Leo anasimama wima, anawatazama mmoja mmoja, na hayasemi.

"Kila nikifika kwenye Jina, Freha atanisikia kwanza. Siku atakayoniambia sikusema, sitabishana naye. Nitaweka unyoya chini siku hiyohiyo, na sitaushika tena. Ninyi watatu mmenisikia."