Siku Mama Alipocheka Kando ya Maji

Mtu asinisimulie habari za lile onyesho la maji. Video zake ziko kwenye simu za watu wote. Wanafunzi wangu hapa Gachoka wamenionyesha mara nyingi, wakidhani mwalimu wao hajawahi kufika mahali kama pale. Nilifika. Nilimpeleka mama yangu mzazi, kwa gari langu mwenyewe, na mpaka leo nikikumbuka nashikwa na hasira.

Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, alikuwa akisoma chuo kikuu kule Nchiru. Katikati ya masomo akaacha, akaenda kucheza na kuigiza kwenye hoteli moja kubwa ya wageni upande wa Meru, hoteli iliyochimba bwawa na kujenga jukwaa katikati yake. Mama hakugomba. Alinyamaza, na mama akinyamaza ni afadhali akuchape. Kwenye sala ya jioni alitaja mvua, akataja ng'ombe, akamtaja mchungaji na mke wake, lakini jina la mtoto wake aliliruka. Nilimbembeleza wee mpaka nikachoka. Kwa hiyo mdogo wangu alipotutumia tiketi, nilikuwa na haja moja tu: mama amwone mtoto wake akifanya kazi yake, amrudishe kwenye sala.

Tulitoka nyumbani kwa mama, Ishiara, asubuhi, jua likiwa limeshaanza ukali wake. Mama alikuwa amevaa sweta nzito, kwa sababu Meru kuna baridi na hakuna wa kumwambia kitu, na alipakata mfuko wa ndengu za kumpelekea mtu ambaye hasemi naye. Tulipopita Chuka mashamba ya chai yakaanza, na chini ya kila daraja palikuwa na mto. Kila nilipomwonyesha kitu dirishani, aligeuka mwili mzima. Mama hageuzi shingo. Amebeba maji tangu utotoni, mtungi mgongoni na mukwa kichwani, ule ukanda wa ngozi unaokata paji la uso mpaka unaacha bonde. Ukiwa umebeba hivyo mtu akikuita huwezi kugeuza kichwa, lazima ugeuke wote pamoja na mzigo wako. Siku hizi hata akiwa mikono mitupu anageuka vilevile. Nyumbani tumezoea, hakuna anayeona.

Onyesho lilianza alasiri. Maji yaliruka juu kuliko miti, yakabadilika rangi, yakafuata muziki, na watu wakapiga makofi. Mimi niliona mitungi tu. Kwetu walichimba mitaro ya mabomba kabla ya uchaguzi, na mitaro bado ipo, mbuzi wanavunjikia miguu humo. Mama aliniuliza kama yale maji yanamwagika bure. Nikamwambia yanazunguka, yanarudi yalikotoka. Akasema basi ni sawa.

Kisha likaja igizo la kuchekesha. Bibi kizee alitokea kwenye ubao mwembamba uliopita juu ya bwawa, mtungi mgongoni, leso kiunoni. Alikuwa mdogo wangu. Lakini ndani yake nilianza kumtambua mama kwa mguu, ule wa kushoto unaotupwa nje kidogo. Halafu nikaona mdomo uliokunjwa. Mwigizaji mmoja akaita, "Shosho!" Bibi akageuka mwili mzima, mtungi ukampiga aliyekuwa nyuma, akatumbukia majini. Akaitwa kutoka upande wa pili, akageuka tena, mwingine akatumbukia. Wageni wale, wanaofungua mfereji wa nyumbani kwa vidole viwili, walicheka mpaka wakajishika mbavu.

Mama naye alicheka. Sijawahi kumwona akicheka vile. Alipangusa machozi kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwani, akanipiga paja, akasema kwa Kimbeere, "Huyu mtoto! Bibi huyu amemtoa wapi?" Na alisema "huyu mtoto" kwa sauti yake ya zamani, sauti niliyokuwa nimeikosa siku nyingi. Nikaomba Mungu yaishie hapo. Nikatamani nimshike mkono twende zetu nyumbani kabla mtu hajafungua mdomo.

Lakini mdogo wangu alikuja mbio, taulo mabegani, maji yakimchuruzika. Mama alimtazama, akatema mate kidogo viganjani, akampaka kifuani, vile wazee wetu hubariki. Akampa ndengu zake. Mdogo wangu akalia, nami nikalia. Dunia ingekuwa na huruma, tungeagana palepale.

"Mama, si ulijiona?" akauliza.

"Nilijiona wapi?"

"Si yule shosho ni wewe. Nilikuwa nafanya wewe. Bosi anasema hiyo ndiyo wageni wanapenda kuliko zote."

Aliyasema kwa upendo, hilo sitamnyima, na ndilo linaloniudhi zaidi. Ningekuwa na mtu wa kuchukia ningepata usingizi. Aliona amempa mama heshima, amemtoa kwenye vumbi la Ishiara akamweka jukwaani mbele ya wakubwa. Mama alijishika paji la uso, pale penye bonde, akateremsha kitambaa kikapafunika.

Waigizaji wenzake wakaja na simu zao. "Kumbe huyu ndiye orijino? Shosho, hebu tembea kidogo tuone." Mama akageuka kunitazama, mwili wote, nao wakaangua kicheko. Mama amefundishwa kwamba mgeni hamkatalii mwenyeji. Akatembea. Alikwenda hatua chache, mgongo ameunyoosha kwa nguvu, kidevu juu, miguu ameibana kama bibi harusi kanisani.

"Hapana shosho, vile unatembeanga," mmoja akasema.

"Hivi ndivyo natembea," mama akajibu.

Nilichokitaka nilikipata, nisiseme uongo. Jina la mdogo wangu limerudi kwenye sala, na akipiga simu wanaongea vizuri. Mama hana kinyongo naye. Ila siku hizi akiwa na mtungi, mtu akimsalimu kutoka nyuma haitikii, anaongeza mwendo. Majirani wanasema ameingiwa na maringo tangu apelekwe hoteli, nami nimeshindwa kuwaeleza.

Siku ile tukirudi, tuliacha barabara kubwa tukaanza kuteremka kwenye joto letu. Alikuwa amevua sweta na kuikunja vizuri magotini. Nilijaribu habari za chai, nikajaribu habari za mvua, hakushika hata moja.

"Mimi hutembea vile?" akauliza, akitazama mbele.

"Aa, mama. Yule alikuwa anatia chumvi tu. Wewe hutembei vile hata kidogo."

"Basi mbona wewe hukucheka?"