Bahili si Mchoyo

Baba yangu alikunywa chai ya majani yaliyochemshwa jana yake, na sweta yake ilikuwa na viraka juu ya viraka. Siku moja, wageni wakiwa sebuleni kwetu Nakuru, nikasema kwa sauti kwamba baba ni mchoyo. Mama akaniita jikoni.

"Mchoyo hunyima watu," akaniambia. "Baba yako hujinyima mwenyewe. Huyo ni bahili. Ukitaka kumsema, mseme vizuri."

Sikuona tofauti, kwa sababu chai ilikuwa ile ile.

Mwezi uliofuata nyumba ya jirani yetu, mjane mwenye watoto wanne, iliungua. Baba akavuta blanketi tatu mpya kutoka chini ya kitanda, zikiwa bado ndani ya nailoni. Sisi hatukuwahi kuruhusiwa kuzigusa. Akampelekea zote, pamoja na gunia la viazi lililokuwa limefika kutoka Kuresoi asubuhi hiyo.

"Asante sana, mzee. Mungu akubariki," mjane akasema huku akilia.

Baba aliona haya, akatazama chini.

"Hizi nailoni," akasema, "kama huzihitaji, nitarudi nazo."

Nilizibeba mimi hadi nyumbani, nikitembea nyuma yake kwa fahari.